Figo ya Kushoto ya Mume Wangu

12 Machi

Leo ni Siku ya Figo Duniani, nami nimesema sana. Asubuhi nilikuwa redioni nikiwaambia Wakenya kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi na figo moja hadi uzee, kwamba kutoa si kujiua, na kwamba tukiacha woga watu wengi wataagana na mashine ya kusafisha damu. Mtangazaji akaniuliza, "Na wewe daktari, ungetoa?" Nikajibu bila hata kuvuta pumzi: "Hata leo." Nilijipenda sana nilivyolisema.

Saa sita nikarudi hospitali, Upper Hill, nikawakuta wenzangu kwenye chumba cha chai. Nikawatupia swali lile lile. Wote wako tayari kumpa mtoto. Tulipofika kwa mke au mume, kila mmoja akaanza kutafuta kijiko. Kitheka, mpasuaji ambaye ameshika figo nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, akasema yeye hata akifa asiguswe. "Kwetu jeneza inafunguliwa, watu wanapita wakiangalia. Utawaambia nini macho ikikosekana?" Mwingine, mwenye shahada mbili ukutani, akauliza kama mtoaji huacha kulala na mkewe. Naeem, mkuu wa kitengo chetu, mtu wa Mombasa anayependa utani, akasema aliwahi kumuuliza shehe wao. "Akanambia, mgonjwa atapona? Nikasema inshallah. Akasema, sasa mwangoja nini?" Tukacheka. Hata hivyo Naeem naye hakusema kama angetoa yake.

Nilifika nyumbani Uthiru kichwa kimevimba kwa sifa. Ogutu alikuwa amefika kabla yangu, jambo lisilo la kawaida, na amepika chai, jambo lisilo la kawaida zaidi.

"Nilikusikia kwa redio," akasema. "Ulinishawishi."

"Kufanya nini?"

"Kutoa. Nataka kumpa Shiko."

Nimeandika yote haya nione kama yakikaa kwenye karatasi yatakuwa na maana. Hayana.

13 Machi

Sijasema naye. Ameniletea chai kitandani. Ameweka sukari. Nimeacha sukari tangu kabla hatujaoana.

15 Machi

Basi Shiko. Ni daktari wa watoto, anakaa Kitisuru kwenye nyumba yenye miti mingi kuliko watu, na waliachana na mumewe zamani. Alisoma darasa moja na Ogutu chuoni. Walikuwa wapenzi tangu mwaka wa kwanza, na wakiulizwa waliachana kwa nini, wote wawili hucheka kwa namna moja. Kicheko hicho nimekisikia kwenye harusi yetu na kwenye kila mkutano wa madaktari tangu hapo.

Ana ugonjwa wa kurithi, ule wa figo kujaa vifuko vya maji hadi zikashindwa kazi. Mama yake alikufa nao. Kaka yake alikufa nao mwaka jana. Ndugu waliobaki ama wanao, ama wanaogopa kupimwa. Kwa hiyo hana wa kumpa, na amekuwa kwenye mashine pale kwetu, mgonjwa wa Naeem, kwa muda mrefu. Haya yote nayajua na ninayahurumia, nikiwa kazini. Nikifika nyumbani siyahurumii.

Ugonjwa huu huwafanya watu wengine kuwa na rangi ya majivu. Yeye umemfanya mwembamba, na shingo imetokeza. Ana shingo, huyo mwanamke.

Mume wangu ni daktari wa mifupa. Anashika msumeno na nyundo bila kupepesa, lakini sindano ikielekezwa kwake anafumba macho. Hajawahi kutoa damu hata mara moja. Nilipojifungua mtoto wetu na damu ikahitajika, ni kaka yangu aliyetoa. Ogutu alizunguka akitafuta soda. Sasa kwa Shiko anataka kupasuliwa.

19 Machi

Nilijua damu yake ni O, inayokubalika kwa karibu kila mtu. Nilitumaini vipimo vingine vitakataa. Naeem amenifuata varandani akiwa na uso wa mtu anayeleta zawadi. "Mumeo na Daktari Shiko wapatana sana. Kama waliumbwa kwa shughuli hii."

Nikamwambia achague maneno yake.

24 Machi

Mvua bado. Vumbi hadi ndani ya sukari ambayo sili.

27 Machi

Imeanza kunyesha. Ogutu ameacha bia na nyama choma, na kila alfajiri anakimbia hadi Kangemi na kurudi. Miaka kumi na moja nimemsihi aangalie tumbo lake. Alikuwa akinijibu, "Mama Ronny, tumbo ni heshima." Leo amesimama mbele ya kioo akaligusa. Linapungua. Anapendeza, na si kwa ajili yangu.

2 Aprili

Mama mkwe amefika kutoka Ugenya kwa ajili ya Pasaka, na kuku wawili na maswali. Ogutu alimweleza kwa simu. Mama hakungoja hata nimtolee chai.

"Nyar Bungoma, kaa chini nikuulize. Huyu mtu ni bibi ya pili?"

"Hapana, Mama. Ni rafiki. Ni mgonjwa."

"Rafiki. Mtu anapatiana nyama ya mwili yake kwa rafiki?" Akavuta kiti karibu. "Na akifa? Hiyo figo itazikwa wapi? Huko Nyeri kwao? Nusu ya mtoto yangu alale Nyeri na nusu Ugenya?"

Nimesoma figo miaka mingi, hapa na ng'ambo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Na hawa watu ya Nairobi siku hizi wanachomwa," akaendelea. "Mimi siwezi kubali Ogutu achomwe. Hata kidogo yake."

Nilifurahi. Naandika wazi kwamba nilifurahi. Nikajua nimepata mtu wa upande wangu, na huyu, Ogutu hawezi kumkaidi. Nikamwambia, "Mama, muite aje umuulize mwenyewe."

5 Aprili, Pasaka

Amekuja. Gauni la kijani, na kitambaa kufunika mkono wenye mishipa ya kuunganishwa kwenye mashine. Mama alimpakulia samaki kwa mkono wake, kipande kidogo, kwa sababu Ogutu alishamwambia mapema nini anaruhusiwa na nini haruhusiwi.

Nataka kuandika habari ya maji. Mtu wa mashine hawezi kunywa atakavyo, kwa kuwa maji hayana pa kutokea. Ogutu alimimina maji mezani: mimi glasi kamili, Mama glasi kamili, Shiko nusu ya kikombe cha kahawa. Hakuuliza. Hata hakutazama. Mkono wake unajua kipimo cha maji cha Shiko, na haujui kwamba mimi sinywi sukari.

Kisha Mama akauliza swali lake, mbele ya watu wote, akiwa na mwiba wa samaki mkononi. Nilikaa vizuri nisikose neno.

Shiko hakucheka. Akaweka uma chini. "Mama, mimi sichomwi. Naogopa moto hata ya jiko. Na pahali nitazikwa, nikipewa miaka nitakuja tuongee. Sasa hivi sina hata hiyo miaka ya kuongea."

Mama akaweka mwiba chini. Akainuka, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nyarwa." Binti yetu.

Miaka kumi na moja nimepika ugali wa huyu mama, nimempima sukari, nimemkata kucha za miguu. Bado naitwa Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, wa kwetu huko. Huyu amekula kipande kimoja cha samaki akawa binti yao. Nikaenda jikoni nikafungua mfereji nisisikike.

8 Aprili

Mama amerudi nyumbani. Mvua. Nguo hazikauki na kila kitu kinanuka uvundo.

14 Aprili

Kesho Ogutu anavalishwa mkanda wa presha, ule unaokaa mkononi usiku na mchana na kupima wenyewe kila baada ya muda. Ni kipimo cha mwisho. Mwenye presha ya juu hatoi figo, kwa kuwa hiyo moja atakayobaki nayo itaumia. Sheria hiyo nimeifundisha mwenyewe.

Tangu Jumapili nimekuwa nikipika. Jana mbuzi wa kukaanga. Leo omena, dagaa wa ziwani, na mboga ya kunde. Kila sufuria nimetia chumvi, kisha nikatia tena. Ogutu anakula na kunywa maji. Nampakulia zaidi. "Unakula vizuri," namwambia.

15 Aprili

Nilimngoja avalishwe mkanda, kisha nikamkorofisha. Nilianza na viatu vyake vya matope. Nikapanda hadi kwa dada zake. Mwisho nikamwambia kwamba kila mtu hospitalini anacheka, kwamba wauguzi wanasema mke wa pili amelipiwa mahari ya figo. Hakuna muuguzi aliyesema hivyo, nililitunga papo hapo. Ogutu akasimama, akapiga meza, na mkanda ukavuma mkononi mwake na kuanza kujaa upepo. Tukautazama wote wawili.

16 Aprili

Imepanda. Naeem amesema wasimamishe kila kitu, warudie baada ya majuma kadhaa. Alimwambia Shiko mwenyewe. Nilipita nje ya pazia. Shiko alisema tu, "Sawa, daktari," kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

17 Aprili

Nimelala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Hilo linanitisha.

24 Aprili

Sijui nianzie wapi. Mvua imenyesha tangu Jumatano bila kupumua. Mto ulioko chini ya Kitisuru ulifurika ukafunga barabara, na jana Shiko hakufika kwa mashine. Leo asubuhi jirani yake alimleta kwa pikapu, amefunikwa turubai. Naeem alikuwa amekwama kwake. Zamu ilikuwa yangu.

Alikuwa ameketi wima, amekamata vyuma vya kitanda. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu, na kila pumzi ilitoa sauti ya chungu kinachochemka. Povu mdomoni. Alinitazama akanijua. Yeye ni daktari, alijua pia ni nini kinampata.

Nitaandika ukweli, kwa sababu hakuna mwingine atakayeusoma. Kabla mikono yangu haijaanza kazi, kichwa kilisema: basi, yamekwisha. Kilisema kwa raha. Kisha mikono ikaanza. Oksijeni, dawa, mashine. Nilimpigia kelele kila mtu. Nilimshika mgongo asianguke huku muuguzi akimuunganisha, na mbavu zake zilikuwa zote mkononi mwangu, moja moja. Ile shingo niliyoionea wivu ilikuwa imetoka mishipa kwa kutafuta hewa. Hakukuwa na uzuri wowote pale. Alikuwa mtu anayezama kitandani, na mimi nilijua ni nani aliyechelewesha kamba. Ogutu angekubaliwa juma lile, tarehe ya upasuaji ingekuwa imepangwa.

Ilichukua muda mrefu. Mashine ilipokwisha kumtoa maji ya kutosha, rangi ikarudi na akaweza kulala kidogo. Sikutoka. Alipoamka akasogeza barakoa ya oksijeni.

"Ati presha ya Ogutu?"

"Ilipanda."

"Ogutu? Huyo mtu alikuwa analala ndani ya mtihani."

"Watu hubadilika."

Akanitazama. Nikajishughulisha na kipimo ambacho hakikuhitaji kusomwa.

"Nanjala, nisikize. Mimi sitaki bwana yako. Nataka figo yake. Bwana baki naye."

Mtu angedhani ningefarijika. Nilikasirika. "Kwani ana ubaya gani?"

"Anakoroma. Na anawekea kila mtu sukari kwa chai. Four years nilimwambia sitaki sukari."

Nilicheka. Kilitoka tu. Naye akacheka, akakohoa, nikamrudishia barakoa na kumwambia anyamaze. Nilikaa nimemshika mkono, ule wenye mishipa ya mashine, unaovuma chini ya ngozi. Nilitoka pale nikaingia stoo ya mashuka nikalia kwa hasira, na sijui hasira ilikuwa ya nani.

26 Aprili

Nimemwambia Ogutu. Tulikuwa mezani, mvua juu ya mabati ya gereji, na nikasema, "Ile chumvi nilitia kwa makusudi."

Akaendelea kutafuna. "Najua."

"Unajua?"

"Nina ulimi, Mama Ronny. Omena ilikuwa inauma meno."

"Mbona ulikula?"

Akaweka kijiko chini. Mikono yake mikubwa ya kukatia mifupa ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. "Naogopa," akasema. "Tangu siku niliposema nitatoa, naogopa. Nikaona wewe unatia chumvi nikasema, Mungu amenionea huruma. Presha ikipanda hakuna mtu atanilaumu. Nilikula yote. Hata nililamba sahani."

Kwa hiyo tulikuwa wawili, madaktari wote, tukimuua mtu pole pole kwa mboga ya kunde.

Nikamuuliza kwa nini basi asiache, nani alimlazimisha? Mbona hasemi tu kwamba amebadili nia? Akasukuma sahani kando.

"Kwa sababu akifa na mimi niko na mbili, hatawahi toka kwa hii nyumba. Nitakula na yeye, nitalala na yeye. Wakati huo ndio utakuwa na mke mwenza wa ukweli. Akipona ataenda Kitisuru aendelee na maisha yake."

Wivu wangu una masikio mazuri. Hilo ulilisikia kabla mimi sijalisikia.

Nikamweleza habari ya kutoa figo kama ninavyowaeleza watu wote, isipokuwa safari hii sikuruka sehemu ambayo redioni niliiruka: kwamba huuma, kwamba wako wanaovuja damu, kwamba wachache sana, lakini wako, hawaamki, na kwamba wanaoamka hupimwa kila mwaka hadi kufa. Alisikiliza yote. Nadhani hakuna daktari aliyewahi kumwambia daktari mwenzake maneno hayo kwa ukamilifu. Sisi hudhaniana kuwa tunajua.

"Ungekuwa wewe?" akaniuliza.

"Kwa Shiko? Hapana. Kwako, ndiyo."

"Redioni hukusema hivyo."

"Redioni sikuulizwa kuhusu Shiko."

27 Aprili

Nilimweleza Naeem. Alicheka sana kuhusu omena, kisha akaacha. "Nanjala, angekuwa mke wa mtoaji mwengine, ungemfanya nini?"

"Ningemfukuza wodini."

"Basi jione umefukuzwa. Kuanzia sasa wewe ni jamaa ya mtoaji. Hugusi dawa, hugusi kipimo, hugusi hata pazia." Hakukuwa na utani wowote usoni mwake. Nikasema, "Sawa, daktari," na nikakumbuka nani aliyesema hivyo kabla yangu.

2 Mei

Mkanda umerudiwa. Siku zote hizi nimepika chakula kisicho na ladha yoyote, na sikugombana na mtu hata nilipoona soksi kwenye sinki. Presha nzuri kabisa.

3 Mei

Mama mkwe amepiga simu. Aliuliza kama mambo yanaendelea. Nikajibu kwa ufupi, naye akausikia huo ufupi.

"Nyar Bungoma, bado una uchungu na mimi juu ya nyarwa."

Nikasema hapana, Mama.

"Uko. Wewe ni daktari lakini kichwa ni ngumu. Mimi nilimfanya nini huyo msichana? Nilimfanya binti yangu. Sasa ni nani ya Ogutu?"

"Dada."

"Na kwetu mtu anaoa dada yake?"

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata. Tangu Pasaka nilikuwa nikijiona nimeporwa, kumbe huyu mama mbele ya samaki na wageni alikuwa amenijengea ua.

8 Mei

Leo kamati. Siku hizi hospitali ni kali, na mtoaji asiye ndugu wa damu huhojiwa kama mshukiwa, asiwe anauza au kulazimishwa. Hapa kwetu mke au mume wa mtoaji lazima aje aseme mwenyewe. Nimewapeleka wake wengi kwenye mlango ule na kuwaambia wasiogope. Kiti kile ni kigumu kuliko kinavyoonekana.

Mwenyekiti, mama mmoja mwanasheria, akaniuliza kama nimetishwa. Hapana. Kama tumeahidiwa kitu. Hapana. Kama najua kwamba mume wangu na mgonjwa waliwahi kuwa na uhusiano. Najua, hata mwaka walioanza.

"Na bado unakubali? Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri kuhusu utu. Likakataa kutoka.

"Kwa sababu ya wivu," nikasema. "Akifa, mume wangu atamwomboleza maisha yake yote na mimi nitakuwa natazama. Siwezi kushindana na marehemu. Nataka apone, azeeke, anenepe, na mume wangu amwone akiwa hivyo."

Naeem alikuwa anatazama dari. Mwenyekiti akavua miwani. "Daktari, tuandike hivyo?"

"Andikeni nimekubali kwa hiari yangu. Ni kweli."

Wamepitisha.

21 Mei

Imefanyika.

Asubuhi Ogutu alifumba macho alipochomwa sindano ya mkononi, nikamshika uso. Akasema, "Niambie kitu." Nikamwambia anakoroma. Akaingizwa akitabasamu.

Kitheka ndiye aliyetoa figo, ya kushoto, kwa kuwa mshipa wake ni mrefu na huunganishwa kwa urahisi. Alitoka jasho limelowesha kofia yake, akaniambia, "Nzuri sana. Haina hata alama." Aliisifia kama mtu anayemsifia ng'ombe, na nikajikuta nikisema asante, kana kwamba nilimfuga mimi. Kisha akaniuliza chini chini, "Hebu, mtu akiandika akifa achukuliwe figo, lazima pia achukuliwe macho? Ama anaweza kuchagua?" Nikamwambia achague tu.

22 Mei

Ogutu anaendelea vizuri. Analalamika, maana yake ni mzima. Aliniomba nikamwangalie Shiko.

Naeem alinikataza kugusa, hakunikataza kutazama. Nilivaa gauni la wageni nikakaa kando ya kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa mkojo, nami nikautazama kama watu wanavyotazama mpira. Tone, kisha tone. Kisha ukaanza kutiririka, mwembamba, wa rangi ya chai ya rangi, halafu mwangavu. Mwili ambao kwa muda mrefu haukutoa hata kijiko ulikuwa unajaza mfuko, na kiungo kilichofanya kazi hiyo kimelala nami kitanda kimoja miaka kumi na moja. Nilimwonea wivu sana saa ile. Sijawahi kuwa ndani ya Ogutu namna hiyo, wala yeye ndani yangu.

Shiko alipofumbua macho, akauliza, "Inafanya?"

"Inafanya kuliko alivyowahi kufanya nyumbani," nikamjibu.

Mfuko uliposita kidogo mchana, nilimkimbilia Naeem nikamvuta kwa koti. Ilikuwa ni bomba limejipinda tu. Akaninyooshea kidole: jamaa ya mtoaji, keti.

6 Juni

Mvua imekwisha na baridi imeingia. Shiko amekuja Uthiru kwa chakula cha mchana, amevaa barakoa, amenenepa mashavu kwa dawa. Sura imekuwa ya mviringo kama ya watu wote. Nilifurahi kidogo, na sioni haya. Mama alikuwa amekuja kumwona mwanawe, na alitaka kuona wote wawili, yule mkubwa na yule mdogo aliye ndani ya Shiko.

Mezani Ogutu, anayetembea bado amejishika ubavu, alishika jagi. Mimi glasi kamili, Mama glasi kamili. Kwa Shiko mkono wake ukachukua kikombe kidogo, ukamimina nusu. Ni mazoea.

Nikamnyang'anya jagi. Nikachukua glasi kubwa kabisa ya kabati, nikaijaza hadi maji yakamwagika kwenye kitambaa. "Kunywa," nikamwambia Shiko. Akanywa yote bila kupumua, maji yakimshuka kidevuni, akaiweka chini. Nikaijaza tena. Akanywa. Hakuna aliyekula. Kwenye glasi ya tatu alianza kulia, na akaendelea kunywa hivyo hivyo.

Baadaye akauliza choo kiko wapi. Baada ya muda akaenda tena. Mama akainua kichwa.

"Ameenda tena?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi sawa." Akajimegea ugali. "Mtoto yangu yuko kazini."

Ogutu akaniletea chai. Ina sukari. Nimeinywa, kwa kuwa sasa najua hata Shiko aliwekewa. Wivu haujaisha, na sidhani utaisha. Lakini sasa una kazi. Kila asubuhi na jioni nampigia Shiko simu kumuuliza kama amemeza dawa za kuzuia mwili kuikataa figo, na Ogutu ameanza kununa: "Nyinyi wawili mnaongeanga nini?" Simjibu.

Saa ya dawa ilipofika nilimpelekea mwenyewe na kusimama mbele yake mpaka akazimeza zote. Nikamwambia hana ruhusa ya kufa kabla yangu. Akauliza kama huo ni ushauri wa daktari. Nikamwambia hapana, huo ni wa wifi yake.